Mchezeshaji akiwa mmoja tu: maswali mnayoniuliza kuhusu ukiritimba kwenye michezo ya kubahatisha

Natunza hesabu za duka la vipuri Gerezani, Kariakoo. Kila jioni mafundi, makuli na vijana wa mitumba hujikusanya kwenye benchi letu wakisubiri foleni ya daladala ipungue. Wakimalizana na Simba na Yanga wanahamia kwenye mikeka, yaani tiketi za kubeti mechi kadhaa kwa pamoja. Tangu Bahati Nasibu ya Taifa irudi mwaka 2025, swali limekuwa lilelile kwa sura nyingi: mbona kampuni za kubeti ni utitiri, lakini bahati nasibu ya taifa anaichezesha mmoja tu? Na mteja anaambulia nini hapo? Nimechoka kujibu vipandevipande, kwa hiyo nimekaa nikaandika. Maswali nimeyapanga kama yalivyonijia.

Ukiritimba wa kupewa na serikali ni upi? Si ni kampuni kubwa tu?

Hapana. Mwenye duka akiuza vizuri mpaka majirani wakafunga, hilo ni suala la soko. Kesho akija mwingine mwenye bei nafuu anaweza kumng'oa. Ukiritimba ninaousema hapa una karatasi ya serikali nyuma yake. Sheria au leseni imesema biashara hii ataifanya fulani peke yake, na mwingine akijaribu anapelekwa mahakamani. Mfano mnaoujua ni umeme: luku ni ya TANESCO, ukikasirika huna pa kuhamia. Lakini bei ya uniti inapitishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na inatangazwa, hata mtoto anayetumwa kununua umeme anajua elfu tano inaleta uniti ngapi. Kwenye kubahatisha, bei haiandikwi ukutani. Wengi hawajui hata kama ipo.

Hapa kwetu nani kapewa ukiritimba?

Kwenye kubeti, hakuna. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na Bodi hiyo inatoa leseni kwa kampuni nyingi: za kubeti mpira, za kasino, za mashine za sloti, za michezo ya mtandaoni. Ukipanda gari Mbagala Rangi Tatu ukashuka Manzese, mabango ya kubeti utakayoyaona njiani huwezi kuyahesabu.

Bahati Nasibu ya Taifa ni habari nyingine. Hiyo ina mwendeshaji mmoja kwa leseni. Wenye umri wa baba yangu wanaikumbuka ikiwa mali ya umma, miaka ya 1970 hiyo. Safari hii imekabidhiwa ITHUBA Tanzania kwa miaka 8, ndugu wa kampuni iliyoanza kuchezesha bahati nasibu ya taifa ya Afrika Kusini mwaka 2015. Mawakala utawakuta kila kona, lakini mwenye duka ni mmoja.

Kwa hiyo Dar tuna vyote viwili. Hatua chache tu zinatenganisha dirisha la soko la ushindani na dirisha la ukiritimba.

Kwani kubeti kuna bei? Mimi najua dau tu.

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote yanaegemea hapa.

Dau ni hela unayoweka. Bei ni ile sehemu ya dau ambayo, kwa wastani, hairudi kwa wachezaji. Chukua sarafu, kichwa au mwenge, nusu kwa nusu. Mchezeshaji asiyekula chochote angekulipa odi ya 2.00: weka 1,000, ukipatia uchukue 2,000. Akikupa 1.90, katika kila shilingi 100 zinazochezwa zinarudi 95 na yeye anabaki na 5. Akikupa 1.70, zinarudi 85. Sarafu haijabadilika, na bahati yako haijabadilika. Kilichobadilika ni bei.

Sasa njoo kwenye mpira. Tuseme kampuni ya kwanza imeweka Simba 2.50, sare 3.00, Yanga 2.80 (namba nimezibuni). Gawa 1 kwa kila odi: 0.40, 0.333 na 0.357. Jumlisha, unapata kama 1.09. Ile 0.09 inayozidi moja ndiyo mkono wa kampuni. Gawa 1 kwa 1.09, utaona wachezaji wanarudishiwa kama shilingi 92 kwa kila 100. Kampuni ya pili, mechi ileile, imeweka 2.60, 3.20 na 2.90. Jumla ni kama 1.04, wachezaji wanarudishiwa 96. Kibanda na kibanda, bei ya mmoja ni mara mbili ya mwenzake, na vijana wanaingia penye feni.

Ruleti, lile gurudumu la kasino, yenye sifuri moja inakula asilimia 2.7, kwa sababu ina vijumba 37 na inakulipa kana kwamba viko 36. Ruleti yenye sifuri mbili inakula asilimia 5.26. Bahati nasibu za taifa duniani, nyingi zinarudisha karibu nusu ya mauzo, kidogo zaidi au kidogo pungufu. Yaani bei ya bahati nasibu inakaribia asilimia 50! Muuza nyanya wa Ilala angeweka faida ya namna hiyo wangemwita jina baya.

Kwa hiyo ukiritimba unapandisha bei?

Mara nyingi, ndiyo, na kwa njia usiyoiona. Uingereza ni mfano mzuri kwa sababu kila kitu kiko wazi. Bahati nasibu yao ya taifa ilianza Novemba 1994 chini ya Camelot, mwendeshaji mmoja kwa leseni. Tiketi ilikuwa pauni 1. Oktoba 2013 ikawa pauni 2. Oktoba 2015 wakaongeza namba za kuchagua kutoka 49 hadi 59. Kwa masikio ya mteja ni namba kumi tu, tena unaona kama umepewa uhuru zaidi wa kuchagua. Hesabu inasema vingine: nafasi ya kupata namba zote sita ilikuwa 1 kati ya 13,983,816, ikawa 1 kati ya 45,057,474. Ndani ya miaka miwili tiketi imepanda mara mbili na jakpoti imesogea mbali zaidi ya mara tatu. Haki yao niseme: waliotabiri namba tatu waliongezewa zawadi kutoka pauni 10 hadi 25, na jakpoti zikaanza kulundikana kwa kuwa hazipatikani kirahisi. Lakini mteja aliyechukia angeenda wapi? Bahati nasibu ya taifa nyingine hakuna. Leseni ilihama kwenda kwa Allwyn Februari 2024, lakini mlango ukabaki uleule na mlinzi mpya.

Mfano wa pili naupenda zaidi kwa sababu ni wa kubeti mpira wenyewe, siyo bahati nasibu. Washington DC, mji mkuu wa Marekani, mwaka 2019 baraza la mji liliipa Intralot, kampuni ya bahati nasibu na kubeti, mkataba wa dola milioni 215 bila kushindanisha zabuni. Programu yao ya simu, GambetDC, ikaanza Mei 2020, na ndiyo pekee iliyoruhusiwa karibu mji mzima. Watu wakalalamika kuwa odi zake ni mbovu kuliko za ng'ambo ya mto, Virginia, ambako kampuni zinashindana. Februari 2022, siku ya fainali kubwa kuliko zote za mpira wao, programu ikagoma kwenye simu za iPhone. Siku hiyo hasa! Ni sawa na duka la jezi kufunga mlango asubuhi ya Kariakoo Derby. Mapato ya mji yakawa chini mno ya yaliyoahidiwa. Mwaka 2024 GambetDC ikazimwa, kampuni ya kubeti ya FanDuel ikachukua nafasi, na baadaye mwaka huohuo baraza likafungulia kampuni nyingine.

Wateja wa DC hawakuandamana. Walichofanya ni kuvuka daraja na simu zao.

Basi sisi wa kubeti tumepona, maana kampuni ni nyingi?

Taratibu. Ushindani umekupunguzia bei ya mechi moja. Lakini nani Manzese anacheza mechi moja? Tunacheza mikeka ya timu kumi.

Mkeka unazidisha odi, na wakati huohuo unazidisha mkono wa kampuni. Kila timu ikiwa na makato ya asilimia 5 tu, timu kumi zinakupeleka kwenye 0.95 mara yenyewe mara kumi, ambayo ni kama 0.60. Wachezaji wanarudishiwa 60 kwa kila 100. Kila timu ikikatwa asilimia 8, zinarudi kama 43, chini ya tiketi nyingi za bahati nasibu. Yaani umekimbia ukiritimba ukaingia mwenyewe kwenye bei ya ukiritimba, tena unafurahia bonasi ya "timu kumi na kuendelea". Bonasi inapunguza makali, sikatai, ila soma masharti: mara nyingi inahesabiwa kwenye odi za kuanzia kiwango fulani.

Fundi mmoja hapa benchini aliniambia, "Bosi, hesabu zako zinaua raha." Nikamwambia raha nayo ina bei, yeye alipie tu akijua.

Kama mteja anaumia, serikali inatoa ukiritimba wa nini?

Sababu zinazotajwa ni tatu: kuzuia utapeli, kuzuia watu wasizame, na kukusanya hela kwa ajili ya michezo, afya au elimu. Sababu ya nne haitajwi sana: kukusanya kwa mmoja ni rahisi kuliko kukimbizana na mia.

Hela ndiyo iliyoanza kihistoria. Louisiana, Marekani, mwaka 1868, bunge la jimbo liliipa kampuni moja haki ya pekee ya kuchezesha bahati nasibu kwa miaka 25. Kwa malipo gani? Dola 40,000 kwa mwaka kwa hospitali ya hisani ya New Orleans. Kampuni ikauza tiketi kwa posta nchi nzima, ikatajirika kupita kiasi, ikaingiza mkono kwenye siasa za jimbo ili leseni isiguswe. Mpaka serikali kuu ilipopiga marufuku tiketi kusafirishwa kwa posta mwaka 1890. Leseni ikikaribia kuisha, kampuni ikaahidi kulipa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka iongezewe muda. Jiulize: kama ilikuwa na uwezo wa kulipa milioni, ile elfu 40 ya miaka yote ilikuwa nini? Tofauti hiyo ilitoka kwenye mifuko ya wanunuzi wa tiketi.

Ndiyo maana kinachonihusu mimi kama mteja siyo tu nani kapewa leseni, bali alishindanishwa vipi. Kama soko halina ushindani, basi angalau zabuni iwe nao. Ufaransa ilipouza hisa za FDJ, kampuni ya bahati nasibu ya taifa lao, mwaka 2019, haki ya pekee ya miaka 25 iliwekewa bei ya euro milioni 380. Miaka iliyofuata Tume ya Ulaya ikaanza kuhoji kama bei hiyo ilikuwa ndogo. Walau kulikuwa na namba ya kuhoji.

Hakuna hata faida moja kwa mteja?

Ipo, na ni ya kweli: ukubwa wa jakpoti. Bahati nasibu ni chungu. Watu milioni wakichangia chungu kimoja, zawadi inakuwa ya kubadilisha maisha. Ukigawa watu haohao kwenye vyungu vitano, kila kimoja kinatoa zawadi ya kununulia pikipiki. Ndiyo maana hata mataifa ya Ulaya yenye ugomvi mwingi yanaunganisha vyungu vyao kwenye bahati nasibu ya pamoja, EuroMillions. Anayenunua tiketi ananunua ndoto, na ndoto ya mabilioni inataka chungu kimoja.

Kwenye kubeti mpira hoja hiyo haipo. Odi ya Simba haiongezeki kwa sababu wateja wote wako kampuni moja.

Nasikia nchi za kaskazini ya Ulaya wana ukiritimba na watu wanaupenda. Imekaaje?

Norwei ndiyo wanaonifanya nisiseme ukiritimba wote ni mbaya. Mashine za sloti zilijaa kwenye maduka na vituo, za waendeshaji binafsi, na watu walikuwa wanaangamia. Tarehe 1 Julai 2007 zikazimwa nchi nzima. Baadaye shirika la serikali, Norsk Tipping, likaleta mashine zake: polepole zaidi, huchezi bila kadi yenye jina lako, na ukifikia kikomo cha hasara mashine inakukatalia. Simu za watu wanaoomba msaada wa kuacha kamari zilipungua. Mwaka 2016 wakaweka kikomo cha hasara cha kroni 20,000 kwa mwezi kwa michezo yao yote kwa pamoja.

Hapo kuna kitu ambacho ushindani hauwezi. Ukijiwekea kikomo kwenye kampuni moja ya kubeti Dar, unavuka barabara unaingia nyingine. Mlango mmoja ndio unaoweza kufungwa kweli. Sisi wenye dubwi kwenye magenge, zile mashine za sarafu ambazo watoto wa sare za shule hawakosi kuzizunguka ingawa sheria inataka miaka 18, tungejifunza hapo.

Lakini lazima breki iwe breki kweli. Mahakama ya Ulaya, kwenye kesi ya Gambelli mwaka 2003, ilisema jambo ambalo ningelibandika kwenye kila ofisi ya leseni: serikali inayowashawishi wananchi wacheze ili hazina ijae haiwezi kugeuka ikasema inazuia washindani kwa ajili ya kupunguza kamari. Ukiona mwenye ukiritimba ana tangazo kila dakika tano redioni, ujue hiyo siyo breki.

Sweden ilishindwa kubaki na ukiritimba wake kwa sababu wateja walishahamia tovuti za nje, ikafungua soko tarehe 1 Januari 2019. Kwa michezo ya simu, ukuta wa nchi ni mfupi.

Na Macau? Si walivunja ukiritimba wakatajirika?

Walitajirika, ndiyo. Kampuni ya Stanley Ho, STDM, ilishika kasino zote za Macau, mji wa kasino wa China, tangu 1962 kwa karibu miaka 40. Serikali ikafungua zabuni, leseni mpya zikatoka 2002, Sands Macao ikafungua milango Mei 2004, na 2006 mapato ya kasino za Macau yakapita yale ya mtaa mkuu wa Las Vegas.

Ila tazama bei. Wachezaji wa Macau wanacheza bakara, mchezo wa karata wa kubeti upande wa "benki" au wa "mchezaji", na bakara ina masharti yaleyale karibu dunia nzima: upande wa benki unakula kama asilimia 1.06, upande wa mchezaji 1.24. Ushindani haukuteremsha hizo. Ulileta hoteli, vyakula, taa, mabasi ya bure kutoka mpakani, huduma ya tabasamu. Kwa hiyo msidhani kampuni zikiwa nyingi lazima zitashindana kwa bei. Zinaweza kushindana kwa feni na jezi za kugawa.

Mwenye ukiritimba akinidhulumu nifanyeje?

Niwape kisa changu, na kampuni siitaji. Miaka ya nyuma nilicheza mechi mbili kwenye kibanda Tandika, mkeka ukatiki, nikaisahau tiketi mfukoni siku nne. Karatasi zile zinafutika kwa joto, nilipoitoa namba zilikuwa kivuli. Wakala akanituma ofisini, ofisini wakanirudisha kwa wakala, wakala akasema mashine yake imebadilishwa. Shilingi 38,000 zikayeyuka hivyo. Nilichofanya ni kidogo lakini kilinituliza: sikurudi tena kwao, na benchi zima la Gerezani likahama nami. Kwa kampuni yenye washindani, benchi zima ni kitu.

Kwa mwenye leseni ya pekee silaha hiyo huna. Huwezi kuhama, unaweza kuacha tu. Juni 2025 hukohuko Norwei, Norsk Tipping iliwatumia maelfu ya wachezaji wa Eurojackpot, bahati nasibu ya pamoja ya nchi za Ulaya, taarifa za ushindi mkubwa mno, kwa sababu mtu alizidisha kwa 100 badala ya kugawa alipogeuza senti za euro kuwa kroni. Fikiria mama mmoja anasoma amepata mamilioni, anapiga simu kwa ndugu, kisha anaambiwa samahani. Mkuu wa shirika alijiuzulu. Wateja wenyewe hawakuwa na mlango wa pili.

Kwetu mlango wa malalamiko ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Nenda na ushahidi: piga picha tiketi siku uliyoinunua, hifadhi ujumbe wa malipo wa simu, andika saa na kituo. Bila hivyo ni neno lako dhidi ya mashine.

Mchezeshaji akiwa peke yake, si atachezea droo?

Wasiwasi huu ulilipuka Afrika Kusini tarehe 1 Desemba 2020. Droo ya PowerBall, mmoja wa michezo ya bahati nasibu yao ya taifa, ilitoa 5, 6, 7, 8, 9, na mpira wa ziada 10. Mfululizo! Tena washindi walikuwa 20, kila mmoja akachukua randi milioni 5.7. Nchi nzima ikapiga kelele, tume inayosimamia bahati nasibu ikasema itachunguza.

Kihesabu, mfululizo huo una nafasi sawa na mchanganyiko wowote mwingine. Na washindi kuwa 20 ni kwa sababu binadamu tunapenda namba zinazofuatana, siyo kwa sababu mpira umelogwa. Funzo la pembeni: ukicheza namba wanazozipenda wengi, ukishinda mnagawana.

Bado kelele zile zilikuwa na maana. Mchezeshaji mmoja anahitaji msimamizi mwenye macho makali kuliko wachezeshaji kumi, kwa kuwa hakuna mshindani wa kumchongea. Mimi napenda droo ioneshwe moja kwa moja, mipira ikipimwa mbele ya mkaguzi wa nje.

Nikishinda sana watanifungia?

Hapa mtashangaa. Kampuni binafsi zinazopanga odi zinaweza kumpunguzia dau mteja anayeshinda mno, kwa sababu kila ushindi wako unatoka kwao. Klabu ya Jockey ya Hong Kong, yenye ukiritimba wa kubeti mbio za farasi, haina shida hiyo. Dau zote zinaingia chungu kimoja, klabu inakata asilimia 17.5 kwenye dau la mshindi, kilichobaki wanagawana waliopatia. Nani kashinda, haiwahusu. Ndiyo maana Mmarekani Bill Benter alikaa huko na kompyuta zake akavuna mamilioni. Waliolipa ni wachezaji wenzake.

Kwa mkeka wa buku usiwe na hofu ya kufungiwa.

Kodi ya ushindi ina uhusiano na haya?

Mkubwa. Ukiritimba na kodi ni mapacha, vyote vinaongeza bei. Katika bajeti ya 2021/22 kodi ya zawadi za kubeti ilishushwa kutoka asilimia 20 hadi 15, na kodi ambayo kampuni hulipa kwenye mapato ghafi ya kubeti ikapandishwa kutoka 25 hadi 30. Viwango vimeguswa tena baada ya hapo, kwa hiyo tazama makato yaliyoandikwa kwenye tiketi yako.

Turudi kwenye sarafu ya odi 1.90. Ukiweka 1,000 na kupatia, faida ni 900. Tuseme kwa mfano inakatwa asilimia 15 ya faida, ni 135. Bei yako iliyokuwa 5 kwa 100 inakuwa karibu 12. Kampuni haijagusa kitu. Kenya walijaribu kodi ya asilimia 20 kwenye dau lenyewe, na Septemba 2019 kampuni za kubeti SportPesa na Betin zikafunga biashara huko. Kodi ikafutwa mwaka uliofuata.

Si bora nicheze kwenye tovuti za nje zisizo na leseni? Odi zao ni tamu.

Tamu mpaka siku ya kutoa hela. Wakigoma huna Bodi, huna wakala, huna hata mlango wa kugonga. Swali linalofuata.

Ukipata nafasi ya kumuuliza mwenye leseni ya pekee, ungemuuliza nini?

Moja: katika kila tiketi ya shilingi 1,000, ngapi zinarudi kwa wachezaji, ngapi zinaenda serikalini, ngapi kwa wakala, ngapi kwako? Namba hiyo iandikwe nyuma ya tiketi kama uzito unavyoandikwa kwenye mfuko wa unga. Mbili: ukibadilisha namba au bei katikati ya leseni, nani anakuruhusu, na sisi tunaambiwa lini? Tatu: zawadi zisizodaiwa zinaenda wapi?

Wewe mwenyewe unacheza?

Nacheza. Jumamosi, buku moja, mechi moja, baada ya kuchungulia odi za kampuni tatu kwenye simu. Tiketi ya bahati nasibu nimenunua mara mbili, zote nikiwa na hamu ya kuota tu. Mke wangu anayaandika yote kwenye daftari la nyumbani chini ya "mengineyo", mstari mmoja na soda.